Bwana Harusi wa Mguu Mmoja

Tatizo halikuwa kwamba bwana harusi hakuwa na kichwa. Wapo mabwana harusi wengi wasio na kichwa na ndoa zao zinadumu. Tatizo ni kwamba kichwa kilibandikwa baadaye, na mpiga picha, kwa mara ya kwanza tangu ashike kamera, akaifanya kazi yake vizuri.

Haya Bi Pindo aliyajua siku aliyoitwa kwenye dirisha la tatu la ofisi ya uhamiaji. Alikuwa fundi cherehani, na jina la Bi Pindo alipewa na mtaa kwa sababu hakuna suruali iliyopita mbele ya duka lake bila yeye kuangalia pindo lake kwa huzuni, kama daktari anayeona mgonjwa wa mwenzake. Nyuma ya kioo cha dirisha alikaa afisa, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na uso wa mtu aliyekwisha kudanganywa kwa kila lugha. Mbele yake lilikuwa faili la Bi Pindo, mke anayeomba kumfuata mumewe ng'ambo. Juu ya faili ilikuwa picha ya harusi.

Afisa aliigonga picha kwa kalamu. Akasema fomu inaeleza kwamba siku ya ndoa mume alikuwapo. Picha nayo inamwonyesha, tena kapendeza, suti imemkaa. Lakini pasi yake ya kusafiria inasema siku hiyohiyo alikuwa ng'ambo na hakutoka hata kwenda kununua sigara.

"Sasa mama," akasema, "waume unao wawili, au huyu mmoja anagawanyika?"

Bi Pindo alihisi jasho likimtambaa mgongoni kama sisimizi wenye haraka. Afisa akamweleza, kwa upole uliotisha kuliko ukali, kwamba mtu akishikwa na uongo kwenye fomu hii, faili lake hufungwa na haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitano. Miaka mitano. Bi Pindo alikuwa amekaa miezi kumi na minne bila mume, na hata hiyo alikuwa akiihesabu kwa kuuma meno.

Basi ikabidi aseme kweli, na kweli yenyewe ilikuwa ya aibu kuliko uongo.

Mumewe aliitwa Baridi, fundi majokofu. Walijuana pale Baridi alipokuja kutengeneza jokofu la duka la soda lililopakana na cherehani ya Bi Pindo. Kazi ya siku moja ikamchukua wiki tatu. Baadaye akapata ajira ng'ambo, kwenye kampuni yenye vyumba vya baridi vikubwa kama kumbi, akaondoka, na uchumba ukaendelea kwa simu. Siku ya ndoa ikapangwa, likizo ikatolewa, watu wakaalikwa. Zikabaki siku tatu, vyumba vya baridi vyote vikagoma kwa mpigo, nyama ya watu ikaanza kulainika, na bosi akaifuta likizo.

Baridi aliomba harusi iahirishwe. Hapo ndipo alipoingia Shangazi, aliyemlea Bi Pindo tangu mdogo na hajamaliza mpaka leo. Shangazi alisema yeye haahirishi harusi kwa sababu ya nyama ya watu asiowajua. Akatuma ujumbe kwa kaka yake Baridi, kaka akaandika barua ya uwakilishi, Baridi akatia sahihi huko aliko, mhuri ukagongwa, na siku ikafika. Shemeji akasimama mbele ya msajili kwa niaba ya mdogo wake, akasema "nimemkubalia," na sheria ya pale ikaridhika.

Aliyekataa kuridhika ni mke wa shemeji. Kusimama asimame, alisema, ndugu ni ndugu. Ila siku atakayomwona mumewe kwenye picha pamoja na bibi harusi, mume huyo atafute pa kulala. Shemeji aliipenda nyumba yake. Alipoona kamera alijificha nyuma ya pazia na hakutoka hadi chakula kilipoletwa.

Harusi bila picha ya bwana harusi haikumwingia Shangazi akilini. Akakimbia dukani kwa Bi Pindo, akarudi amembeba Bwana Kimya, yaani lile sanamu la kupimia nguo, kifua na mabega ya mbao yaliyosimama juu ya mguu mmoja wa chuma. Suti aliyoshona Bi Pindo kwa ajili ya mumewe ilikuwa tayari imevalishwa humo. Wakamsimamisha, wakaufunika mguu kwa maua, wakapiga picha kumi na sita. Kichwa kilitolewa baadaye kwenye picha ya pasi ya Baridi. Ndiyo maana kwenye harusi yake mwenyewe Baridi anaonekana kama mtu anayeulizwa kama ana kitu cha kutangaza kwa forodha.

Fomu nayo ilijazwa na Wakili Kalamu, ambaye si wakili, ni mtu mwenye meza na mwavuli nje ya duka la mihuri. Kwenye swali la kama wanandoa wote walikuwapo, aliitazama picha, akaona watu wawili, akatia alama ya ndiyo. Bi Pindo akasaini bila kusoma, maana Shangazi alikuwa akiongea, na Shangazi akiongea hata mtu anayejua kusoma husahau.

Afisa alisikiliza yote haya bila kupepesa. Alipomaliza kusikiliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sanamu," akasema.

"La dukani kwangu."

"Basi kesho saa nne uje nalo."

Kesho yake Bi Pindo alimbeba Bwana Kimya kifuani kama mtu anayemtoa mlevi harusini, na Shangazi akatangulia kufungua njia. Mlinzi wa getini alisema kila anayeingia lazima aandikwe kwenye daftari la wageni. Shangazi akamwambia aandike "bwana harusi," na kwenye sababu ya kuja aandike "kuthibitisha kwamba si mtu." Mlinzi, aliyekuwa na mwandiko mzuri, aliandika yote mawili.

Kwenye foleni wakamkalisha, au tuseme wakamsimamisha, kati yao. Mzee mmoja aliyekaa kiti cha nyuma aliliona bega lile lililovaa suti, akalisabahi. Kimya. Akasabahi tena. Kimya. Akamgeukia jirani yake akalalamika kwamba vijana wakishavaa koti jipya hawamjui mtu.

Kwenye dirisha la tatu walifunguliwa mlango wa pembeni. Afisa alilizunguka sanamu mara mbili. Akalinganisha vifungo vya suti na vya kwenye picha. Akafunua koti, akaukuta mguu wa chuma. Hapo akachukua faili, akalikinga usoni, na nyuma ya faili kikasikika kikohozi kirefu cha ajabu, cha mtu anayejitahidi asifukuzwe kazi.

Aliporudi alikuwa afisa tena. Akasema udanganyifu hajauona. Alichokiona ni ujinga, na ujinga hauna kifungu. Faili halitafungwa. Bi Pindo akashusha pumzi, lakini alishusha mapema.

"Ila ndoa yenyewe haihesabiki," akasema afisa. "Huko anakokaa mumeo, mtu anaruhusiwa kumwita mwenzake kama walioana wote wawili wakiwa chumba kimoja, kwa miili yao. Ndoa ya barua, ya simu, ya kaka, ya mbao, zote hapana. Asiyekuwepo na lake halipo."

Shangazi aliumia. Methali hiyo ilikuwa yake. Kwa miaka yote aliitumia kuwanyima wachelewaji chakula, na hakuwahi kufikiri siku moja ingemgeukia yeye. Afisa akasema faili atalihifadhi kwenye droo kwa siku tisini. Mume aje, waoane upya mbele ya msajili, alete cheti kipya. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mume wake yeye afisa angeweza kushonewa suti kama ile.

Baridi alipata likizo ya siku kumi na mbili. Bi Pindo alikwenda kumpokea uwanja wa ndege, moyo ukimdunda kama cherehani iliyokosa mafuta. Akamtazama kila mwanamume mwembamba aliyetoka mlangoni, na wembamba wakaisha. Mwishowe mtu mmoja mnene, mwenye mashavu ya kuvutia, alisimama mbele yake akacheka kicheko cha Baridi. Kufanya kazi kwenye baridi kunahitaji kula, alieleza, na yeye alikuwa mfanyakazi hodari. Bi Pindo alicheka naye, lakini jicho la ufundi lilikwisha kumpima kutoka kwapa hadi kwapa, na likaingiwa na wasiwasi.

Kwa msajili walikutana na mtu yuleyule mwenye mhuri uleule. Aliwasikiliza, akafungua daftari, akakuta jina la Bi Pindo.

"Huyu ameolewa," akasema. "Siwezi kuozesha mke wa mtu."

"Ni mke wangu," akasema Baridi.

"Ndiyo maana."

Wakamwambia ofisi ya uhamiaji imesema hakuna ndoa. Msajili akajibu kwamba ofisi ya uhamiaji iko ng'ambo ya barabara, na upande huu wa barabara ndoa ipo, imeandikwa kwa wino wake. Kama wanataka kuoana, lazima kwanza waachane. Na talaka haina mambo ya barua wala kaka. Kuoa mtu aweza kutuma mjumbe, kuacha lazima aje mwenyewe. Chumba cha usuluhishi kiko mwisho wa ukumbi. Msuluhishi akiridhika kwamba ndoa imeshindikana, anaandika, na mara moja wanaweza kurudi kwake kuoana.

Shangazi aliposikia neno talaka alitaka kuzimia, ila alitafuta kiti kwanza. Alipopata nafuu akawa ndiye mpangaji. Waachane Ijumaa saa tatu, waoane saa nne, watu waalikwe saa sita. Baridi avae suti kabisa asubuhi, ili asipoteze muda kati ya talaka na ndoa. Na Bwana Kimya aje pia, uchi kama alivyo, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha balaa lote, aone mwisho wake.

Bi Pindo alipomvalisha mumewe suti ile Ijumaa asubuhi alimwambia asikae kwa ghafla, asiiname, na asicheke.

Msuluhishi alikuwa binti mpole mwenye cheti kipya ukutani. Tangu aanze kazi hakuwahi kuiokoa ndoa hata moja, na ilimuuma. Akawakaribisha, akawauliza malalamiko. Bi Pindo akasema alivyofundishwa na Shangazi.

"Hakuja kwenye harusi yake."

Binti akaandika. Akamuuliza Baridi ana la kujitetea. Baridi akasema alikuwa kazini. Binti akaandika hilo pia, kisha akainua macho, akaona kwamba chini ya meza walalamikaji hawa wameshikana mikono. Uso wake ukang'aa. Akaweka kalamu, akawaambia kwamba anaona upendo. Akasema watu wengi hukimbilia kuachana kwa jambo dogo. Akawataja wazazi, akawataja majirani, akataja watoto ambao hawajazaliwa. Akavuta fomu ya juu, ile ya waliopatana, ambayo kingo zake zilikwisha kuwa za manjano kwa kukosa kazi, akaanza kuijaza kwa mwandiko wa furaha.

Bi Pindo aliona ng'ambo inakwenda na maji. Akisuluhishwa leo atabaki mke, na akibaki mke hawezi kuolewa, na asipoolewa hawezi kumfuata mumewe. Akamkanyaga Baridi mguu ili azue ugomvi. Baridi, mtu asiyejua kugombana, aliinama kuangalia nini kimemkanyaga.

Suti ikapasuka. Ilianza shingoni ikashuka hadi kiunoni, kwa sauti ndefu ya kudhalilisha.

"Koti hili umemshonea nani?" akauliza Baridi. Na safari hii hakuwa akiigiza.

Bi Pindo akasema amemshonea yeye, kwa vipimo vyake. Baridi akauliza vipimo alichukua lini. Bi Pindo akasema vya Bwana Kimya ndivyo vyake, alimrekebisha yule kwa vipimo vya Baridi kabla hajasafiri. Baridi akasema basi miezi yote hii mke wake amekuwa akimvalisha mti, kumbe ndiyo maana uwanjani alimpita kama mtu asiyemjua, maana mume aliyemzoea ana mguu mmoja na hana tumbo.

"Yeye angalau alikuja," akasema Bi Pindo.

Kalamu ya binti ikasimama.

Maneno yakishatoka hayana njia ya kurudi, basi Bi Pindo akayaacha mengine yawafuate. Akasema siku ile alimwitikia msajili huku akitazama ukuta, kwa sababu hakujua amtazame nani. Akasema watu walipokwisha kula wakatawanyika, yeye bibi harusi alirudi nyumbani kwa miguu na mume wa mbao kwapani, na watu njiani wakimpa hongera wakidhani amenunua sanamu jipya. Akamvua suti, akaitundika. Akapiga simu, haikupatikana.

Baridi alijaribu kuliunganisha koti mgongoni. Kisha akasema saa hiyo alikuwa ndani ya chumba cha baridi, mtandao haufiki, nusu ya mwili ndani ya mashine. Alipokumbuka kwamba sasa hivi anaoa, chozi likamtoka, likaganda kwenye sharubu, na msimamizi akamkaripia kwamba anachafua nyama. Akasema barua ile hata si yake, kaka ndiye aliyeiandika, na yeye alitumiwa mahali pa kusaini tu. "Hata mimi hakuna aliyeniuliza," akasema.

Binti msuluhishi aliwatazama, akaitazama fomu yake ya manjano. Akaikunja taratibu, akairudisha. Akachukua ile nyingine, nene, akaandika "imeshindikana," na chozi lake mwenyewe likadondokea kwenye tarehe. Wakaachana saa tatu na dakika arobaini.

Ukumbini Shangazi alikuwa amesimama na Bwana Kimya, maua mkononi, akihimiza. Msajili yupo, mlango wazi, hakuna foleni. Baridi akatangulia huku akishikilia mgongo wa koti usimwachie. Alipogeuka, Bi Pindo alikuwa amekaa kwenye benchi.

Shangazi akauliza anaumwa nini. Bi Pindo akasema haumwi. Alikuwa anajisikiliza tu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya harusi hakuwa mke wa mtu, na kitu kimoja kilikuwa kimemjia wazi: cheti hiki kikipigwa mhuri, droo ya dirisha la tatu itafunguka, naye ataacha duka, mtaa na Shangazi amfuate mtu huyu hadi mwisho wa dunia. Na mtu mwenyewe hajawahi kumwomba.

"Mimi sijaposwa," akasema.

Shangazi akafungua kinywa, Bi Pindo akamwinulia kidole. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao, na Shangazi alishangaa kiasi kwamba alikifunga.

Baridi akarudi taratibu, akasimama mbele ya benchi. Watu wawili watatu waliokuwa wakisubiri vyeti vya kuzaliwa wakaacha kusubiri. Alijaribu kuanza, akashindwa. Akajaribu tena, na kilichomtoka kilikuwa habari ya jokofu.

"Lile jokofu la duka la soda," akasema. "Lilipona siku ya kwanza. Kila jioni nikiondoka nilikuwa nachomoa waya, ili kesho waniite."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Fundi gani anayekuja kulala chini ya jokofu na shati lililopigwa pasi?"

Baridi akafuta uso. Akasema yeye si mtu wa maneno, na mara ya kwanza maneno aliwaachia wengine, na angalia walichokifanya. Akasema huko ng'ambo kila chumba anachokikarabati ni cha baridi, na kile anacholala ndicho baridi kupita vyote. "Nakuomba wewe, siombi kwa Shangazi wala kwa kaka. Utanikubali?"

Bi Pindo aliinuka. Alimwambia ageuke. Akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa nguo yake, kama kawaida ya mafundi, akapitisha uzi, akaanza kuushona mgongo wa koti likiwa mwilini mwa mwenyewe. Alishona polepole, mishono midogo, kama mtu mwenye siku nzima. Shangazi aliitazama saa ya ukutani, akamtazama Bwana Kimya, akaitazama tena saa. Mwenye kungoja cheti cha mwanawe akaitwa jina mara mbili na hakusikia. Baridi alisimama wima bila kutikisika, na kwa kweli pale alifanana sana na mwenziwe wa mbao, isipokuwa masikio yake yalikuwa yamewaka.

Alipofika kiunoni Bi Pindo akafunga fundo, akainamisha kichwa, akakata uzi kwa meno.

"Nimekubali," akasema. "Lakini usipumue sana."

Wiki iliyofuata dirisha la tatu lilipokea faili jipya, na safari hii fomu ilijazwa na Bi Pindo kwa mkono wake, Shangazi akiwa ameachwa nyumbani makusudi. Afisa aliichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga. Ilipigwa na Shangazi kwa simu, na kidole chake kilifunika theluthi nzima. Baridi alikuwa kafumba jicho moja na kashikilia pumzi. Bibi harusi alikuwa akicheka hadi fizi. Afisa akasema vizuri, hii hata mwenye kughushi asingeipenda.

Kisha akashuka kwenye fomu, mstari kwa mstari, na kalamu yake ikasimama kwenye swali la kama mwombaji amewahi kuolewa kabla. Bi Pindo alikuwa ameandika ndiyo, kwa herufi kubwa. Afisa akairudia picha. Pembeni, karibu na kidole cha Shangazi, mtu mmoja mwenye mguu wa chuma, hana kichwa wala nguo, alisimama kwa heshima akiwa ameegeshewa maua.

"Na huyu?"

"Mume wangu wa kwanza," akasema Bi Pindo. "Tuliachana kwa wema."

Afisa alichukua faili, akalikinga usoni, akakohoa kwa muda mrefu. Mkono wake wa kulia, peke yake, ukautafuta mhuri.